Poda ya Aline

Jumanne, kitandani.

Aline, mwanafunzi wangu, amefaulu mutihani wake wa mwisho vizuri sana: ile kuvezi aliyotengeneza inapasha joto watoto waliozaliwa mbele ya wakati, hata umeme ukikatika. Donc tulimumwagia poda kichwani, kama tunavyowapongeza waliofaulu, tukaimba barabarani mpaka kwenye kizuizi.

Hapo askari walikuwa wanasukuma jeep iliyokataa kuwaka. Mmoja akauliza, "Sherehe ya nini?"

"Mashini yangu, papa! Inatumika na betri ya gari."

"Hiyo betri iko wapi?"

"Ku maternité," akajibu, meno yote nje. Nikamufinya, lakini alikuwa amekwisha kusema.

Usiku huu mutoto wa dada yangu amelala ndani ya ile kuvezi, kule hospitali ya uzazi.

Sasa hivi nimesikia jeep yao ikiwaka.