Neno Tulilolicheka Sote

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, 14 Agosti.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumai mgongo umekuachia kidogo tangu walipokupunguzia zamu za wodini. Sisi huku hatujambo. Mama ana kikohozi, lakini sauti ya kunigombeza haijapungua hata chembe. Usimwambie nimesema.

Uliniuliza kama nimepata marafiki tangu tuhamie huku, nami sikujibu. Nilikuwa naona aibu.

Unanijua: wageni wakibisha hodi, mimi nyuma ya mlango. Sasa Mama akanipeleka kujifunza kushona kwa fundi mmoja, pamoja na wasichana wa rika langu. Maneno yao, Mjomba! Mimi shule imenipa Kiingereza cha vitabuni na Kiswahili cha mtihani. Cha mtaani nimejiokotea tu. “Noma” na “kuzingua” nayajua, hata wewe unayajua, lakini wao kila wiki wana jipya. Niliogopa kuuliza wasije wakaniona mshamba. Basi wakicheka, nacheka, tena kwa nguvu.

Lililotamba zaidi lilikuwa “kushwanta”. Uzi ukikatika, tumeshwanta. Mteja akisifu gauni, kashwanta. Nilirudi nyumbani kichwa kinauma, na nilishaamua kumwambia Mama naacha kushona, nisingizie macho.

Juzijuzi akaja mwanafunzi mpya. Hajakaa vizuri, akauliza, “Jamani, kushwanta ndio nini?”

Yupo mmoja tunamwita Kipaza kwa vile hajui kunong’ona. Akaninyooshea mkasi. “Muulize huyo. Huyo ndiye bingwa.”

Nilitamani cherehani inimeze. Nikasema polepole, “Sijui. Sijawahi kujua.”

Kipaza akashusha mkasi.

“We! Acha utani,” Kipaza akasema. “Si wewe ndiye unayecheka kuliko wote? Mimi nilikuwa nakufuata wewe!”

“Na mimi nilikuwa namfuata Kipaza,” akadakia mwenzake.

Tukamgeukia fundi, maana ndiye aliyekuwa akilisema tangu asubuhi. Akatoa pini mdomoni. “Msinitazame hivyo. Mimi nimelitoa kwenu, wanangu. Niliogopa mtaniona bibi.”

Mjomba, tulicheka mpaka mteja akachungulia kuona kuna nini. Na safari hii nilijua ninachokicheka.

Siachi tena kushona. Usiku ule nililala kama mtoto. Nimeshakata sketi yangu ya kwanza, upande mmoja umepanda kidogo, lakini inavalika. Sasa neno likinipita nauliza hapohapo, na Kipaza akiwa hajui anapaza sauti, “Hata mimi sijui, shosti, tuulizane!” Basi naweza kukujibu: marafiki ninao.

Msalimie sana mkaza mjomba, na yule kitinda mimba wenu mwambie kofia yake naishona mwenyewe. Mungu akulinde kazini, na kila utokapo zamu akupe usingizi mtamu.

Mpwa wako akupendaye,
yule uliyempa jina la Kimya.