Mkono Niliouvunja Kwenye Harusi ya Minza

Shishiyu, Maswa,
14 Julai 2024

Mpendwa dada Kabula,

Mwangaluka, dada. Hamjambo huko Songea? Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Sisi wazima, pamba tumeshachuma. Nisamehe mwandiko, natumia mkono wa kushoto. Kwenye simu ningeshindwa kuyasema haya.

Uliambiwa mkwe wetu, Shija, alinivunja mkono kwa dawa siku ya harusi ya mwanangu Minza. Si kweli.

Baada ya chakula nilianza majigambo. Nikamwita Shija mezani tulazane mikono, mbele ya wakwe wote. Kijana alikataa kwa heshima: "Baba, mimi siwezi kushindana na wewe." Nikamwambia anaogopa. Akaketi. Nilipoona nalazwa, nilijipinda kwa nguvu zote, mfupa wa juu ya kiwiko ukalia kama bua kavu. Watu wote walisikia.

Dada, aibu ilinizidi kuliko maumivu. Nikapiga kelele: "Huyu ana dawa mkononi!" Neno hilo moja tu. Kaka zetu wakalidaka, wakamfukuza Shija na watu wa upande wake, Minza akazuiwa kuondoka na mumewe. Nami nikawaacha waamini hivyo.

Bariadi hospitalini nilidai nimeanguka. Daktari Abdulrazak akatazama picha, akasema, "Mzee, mfupa huu umesokotwa. Ulikuwa unashindana mikono?" Kaka Luhende, aliyenisindikiza, akadakia habari ya dawa. Daktari akamjibu kwa upole kwamba ameshawapasua wengine waliovunjika vivyo hivyo, mtu akijipinda mfupa hukatika wenyewe. Luhende akanitazama. Nikageukia ukutani.

Walinipasua, wakaunga mfupa kwa chuma bapa na skrubu. Kiganja bado kinaning'inia, maana mshipa wa fahamu ulivutwa. Daktari anasema utaamka taratibu, na vidole vimeanza kucheza.

Nilipopata nguvu niliomba Shija aitwe. Alifika wodini, akasimama mlangoni kama mkwe anavyopaswa. Mbele ya Luhende nikamwambia, "Nilikusingizia. Mimi ndiye niliyekuchokoza." Nilitegemea anitukane.

Akasema, "Yaishe, baba." Kisha akauliza, "Minza hajambo?"

Tangu harusi sikuwahi kumuuliza mwanangu hali yake.

Jumamosi, nikiwa nimesharudi nyumbani, Shija alikuja kumchukua Minza, wakaenda kwao Sola. Alimuaga mama yake, akawaaga hata majirani. Mimi nilikuwa nimeketi pale pale uani. Alinipita.

Dada, wewe anakusikiliza. Mpigie. Usimwombe anisamehe. Mwambie tu kwamba ukweli nimeusema mbele ya kaka Luhende, na kwamba hakukosea kunipita.

Nisalimie shemeji Josia na Harieth. Mama Minza anawasalimu sana. Mungu awafunike kwa amani yake, nyumba yenu isipungukiwe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye nikiwa nimeinamisha kichwa,

Marcelo