Palizi ya Mtu Asiye na Upande

Alhamisi. Mvua ya alfajiri imeacha udongo laini, siku nzuri kabisa ya palizi. Mimi nimeimaliza nikiwa na hasira.

Nimepalilia peke yangu. Mpaka jua linazama sijafika hata nusu ya shamba, na huko chini magugu yameshaizidi pamba kimo. Yakiachwa wiki moja zaidi, mwaka huu sivuni kitu.

Hapa Dutwa tunapalilia kwa zamu. Leo kikundi kizima kwako, kesho kwangu. Lakini tangu uchaguzi wa Oktoba kikundi chetu kimegawanyika: wa chama tawala wanapaliliana wenyewe, wa upinzani nao vilevile. Hata dumu la maji ya kunywa hawachangii.

Mimi nilijiponza kwa mdomo. Wakati wa kupanda waliniuliza nimempa nani kura, nikasema ukweli: urais chama tawala, udiwani upinzani. Niliwasikiliza wagombea wote, na kwa kila nafasi nikampa kura niliyemwona anafaa. Nilidhani wataniona mtu mwenye akili. Kumbe kila upande ulisikia ile kura niliyowanyima tu.

Sasa naitwa popo: si ndege, si mnyama.

Anayeniuma zaidi ni Kabula. Uchungu wa mtoto wangu wa kwanza uliponishika, yeye ndiye aliyenipakia kwenye baiskeli akaisukuma mpaka zahanati. Leo asubuhi amepita kando ya shamba langu na watu wa upinzani, majembe mabegani.

“Mwangaluka, mayu,” akanisalimia kwa Kisukuma chetu, macho yakiwa njiani.

“Mwangaluka. Mnakwenda kupalilia kwa nani?”

“Kwa mwenzetu.”

Mwenzetu! Nimeinama nikaendelea kulima ili asinione machozi.

Na hao wanaotugombanisha? Mgombea udiwani aliyeshinda na yule aliyeshindwa wote ni mawakala wa kununua pamba. Msimu uliopita walikaa meza moja Bariadi mjini, wakakubaliana bei kabla hawajafika kwetu na mizani. Ilikuwa bei ya kututukana, na tulilia pamoja, Kabula na mimi, bila kuulizana kadi ya chama. Mwaka huu watakuja tena na bei yao moja. Sisi watatukuta hatusalimiani.

Nimechoka kuulizwa niko wapi. Niko hapa, kwenye magugu.

Jioni kisimani nimesikia kwamba kesho ni zamu ya Kabula. Nimekaa na habari hiyo tangu chakula cha usiku. Moyo unasema mwache na hao wenzake. Ila nikifumba macho naiona ile baiskeli.

Jembe nimeshalinoa. Nitatangulia kufika shambani kwake, kabla ya wenzake. Wakitaka kunifukuza, watanikuta nimeshamaliza mstari wa kwanza.