Neno Nililomtamkia Zuhura

Kibokoni, Mombasa
Jumanne, baada ya adhuhuri

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Najua sitakusikia ukiitikia, lakini nimeiweka mbele ili ukifungua karatasi hii uikute mlangoni. Hali yako? Na mguu wa kushoto, bado unavimba ukisimama sana jikoni? Simu nimekupigia mpaka kaka Bakari akaniambia, "Misi, muache kwanza, ukipiga anaifunika kwa mto." Basi nikaona bora niandike. Barua hata ukiifunika kwa mto itakaa pale pale ikikungoja.

Sisi tuko, Mungu ametuweka. Mume wangu Athumani bado yuko Shimanzi kwenye yadi ya makontena, anaendesha ile mashine ya kunyanyulia. Mjukuu wako Zuhura ana miezi kumi na mitano. Hujamuona, basi nikwambie: anatembea akishika ukuta, na ana macho yako, yale ya kumtazama mtu mpaka aseme kweli.

Mama, Zuhura amesusa ziwa. Leo siku ya tisa. Na ninaogopa kwamba niliyemfukuza ni mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe. Ndilo lililonikalisha kitako kuandika.

Nianze na kazi, usije ukasikia kwa watu kwamba nimekuwa mwimbaji wa taarabu. Unajua nilikuwa napika mahamri na mbaazi za nazi, navipeleka asubuhi kwenye maofisi ya karibu. Ofisi moja iko ghorofani, juu ya lililokuwa duka la vitambaa la babake msichana mmoja anaitwa Nargis. Yeye na mwenzake Faraji wanatengeneza gemu, michezo hii ya kwenye simu na kompyuta. Siku moja nilikuwa ngazini namgombeza mchukuzi wa mkokoteni aliyenimwagia mbaazi. Nargis akatoka mbio. Nikadhani ananifukuza. Akasema, "Usinyamaze, dada! Endelea kumgombeza! Faraji, njoo usikie, Salha huyu hapa!"

Salha si mtu wa kweli. Ni mwanamke wa vitabuni, vitabu vitatu vya mapenzi alivyoviandika bibi mmoja wa mtaa huu, sasa marehemu, na wanawe wametoa ruhusa vitiwe kwenye gemu. Nimevisoma viwili na nusu huku nanyonyesha. Salha anampenda mumewe na anampenda mtu mwingine. Anasali, na anasema uongo. Ukurasa huu utamlaani, ukurasa wa pili utamlilia. Nargis hana usingizi kwa ajili yake, anahofu wakimtia kwenye gemu atakuwa mwanasesere, wa kuambiwa kaa anakaa, cheka anacheka. Maana kwenye gemu anayechagua ni mchezaji: Salha abaki au aondoke, aseme au anyamaze. Kila njia ina maneno yake, na maneno hayo yalitaka sauti ya mtu. Wakanichukua mimi, mtu wa darasa la nane.

Usiwaone wana elimu, Mama, kuna mambo hawayajui. Faraji alikuwa ameweka moyo mdogo mwekundu kwenye pembe ya kioo. Mchezaji akimpa Salha marashi, moyo unajaa kidogo. Akimpa bangili, unajaa zaidi. Ukijaa pomoni, Salha ni wake.

"Na akipokea vyote kisha asimpende?" nikauliza.

"Haiwezekani," Faraji akasema. "Moyo umeshajaa."

"Kwani mwanamke mtungi? Mimi mwenyewe nilipelekewa posa, nikala halua yao, na bado nikakataa."

Nargis alicheka mpaka akashika meza. "Faraji, umesikia? Ondoa mtungi wako!"

Akauondoa. Sasa Salha akipewa marashi anashukuru tu, na mchezaji hana moyo wa kutazama, inambidi asikilize alivyojibu, kweli au uongo. Kwa hivyo kazi yote ikaniangukia mimi na koo langu. Nilikuwa najifungia kwenye chumba kilichozungushwa magodoro, feni imezimwa isingurume, jasho linanitiririka, nasema neno moja mara tatu: kwa upole, kwa hasira, kwa kilio. Adhana ikianza tunasimama. Mkokoteni ukipita chini tunarudia. Zuhura nikimwacha mtaa huu huu kwa Bi Khadija, mwenye nyumba wetu, na kila baada ya saa mbili nashuka kumnyonyesha. Niliipenda kazi ile, Mama, sitakuficha.

Sasa sikiliza. Kwenye kitabu cha tatu, binti wa Salha, anaitwa Raya, anataka kuolewa na mtu ambaye mamake hamtaki. Salha anasimama mlangoni. Mwandishi hapo ameandika mstari mmoja tu, kwamba Salha alimwambia bintiye maneno ambayo mama hapaswi kuyasema. Basi. Maneno yenyewe hakuyaandika.

Nargis akaniambia, "Kitabu kimeyaficha, na kinaweza. Lakini kwenye gemu mdomo ukifunguka lazima kitoke kitu. Misi, mama wa kwenu angesema nini?"

Ilikuwa niseme sijui, Mama. Hapo ndipo nilipokosea. Nikasema, "Najua."

Nikaingia, nikafumba macho, nikasema: "Haya, nenda. Ukivuka kizingiti hiki, maziwa niliyokunyonyesha sikuhalalishii, si hapa duniani wala mbele ya haki."

Maneno hayo unayajua. Uliniambia mimi, mlangoni kwetu Kipini, siku niliyotoka na Athumani. Sikuongeza wala kupunguza. Hata pumzi niliivuta pale ulipoivuta wewe. Na mwisho, ilikuwa niite, "Raya!" Nikaita, "Zuhura!"

Sijui lilitokaje. Mtu anayenyonyesha akitia moyo kwenye neno mwanangu, ulimi wake hauna jina jingine. Nilipofumbua macho Faraji alikuwa anafuta machozi, na Nargis amesimama mikono kichwani, kisha akasema, "Hiyo hairudiwi. Hiyo ndiyo Salha." Nilisikia baridi na chumba kile ni tanuri.

Nikashuka mbio kwa Bi Khadija. Zuhura kaniona, kacheka, kanyoosha mikono kama kawaida. Nikampakata, nikampa ziwa. Akanitazama. Kisha akageuza uso, akaniwekea kiganja kifuani akanisukuma. Mtoto wa miezi kumi na mitano, Mama. Hakulia. Alinisukuma polepole, kama mtu mzima anayekataa chakula cha nyumba asiyoiamini.

Usiku ule na siku zilizofuata akawa hivyo. Nikampeleka zahanati. Nesi akamfunua mdomo, akasema ana vidonda kwenye ufizi, akatupa dawa ya kupaka. Nikamshukuru Mungu, nikasema kumbe ndiyo sababu. Siku ya tano vidonda vikakauka. Uji anakunywa, ndizi anakula, anacheka na kila mtu. Ziwa hataki hata kuliona. Mimi nalowa nguo, nakamua kwenye bakuli huku nalia. Kuyamwaga maziwa yale naogopa, kuyaweka naogopa. Bi Khadija ndiye hunichukulia bakuli na kwenda kuyamwaga kwenye shina la mlimau wake, pasipokanyagwa.

Athumani anasema, "Watoto wengine huacha wenyewe, mke wangu." Lakini akitoka kusali humsomea dua kichwani mara mbili, anadhani simuoni.

Siku ya sita nikamwambia Bi Khadija ukweli wote. Alikuwa anachambua mchicha aliotoka nao sokoni Marikiti. Akaacha.

"Umemtaja jina?"

"Nimemtaja."

"Subhanallah. Wewe mtoto, mchezo wa kucheza umekosa?"

"Ilikuwa kazi, Bi."

"Neno la mama halijui kazi wala mchezo. Mhalalishie basi. Mshike umwambie."

"Nimemwambia kila siku, na bado."

Akanitazama sana. "Na wewe uliyonyonya, yamehalalishwa?"

Nikaokota jani la mchicha lililoanguka. Akarudia kuchambua mchicha wake, akasema kwa sauti ya chini, "Basi unampa mtoto kitu ambacho wewe mwenyewe hujapewa."

Jana nikaenda ofisini, nikamwambia Nargis aifute ile sauti. Akaruka. "Misi, roho ya gemu ndiyo hiyo! Ukitoa hapo Salha anabaki mama mkali tu wa kwenye tamthilia."

"Nina mtoto nyumbani hanyonyi."

"Pole, wallahi pole. Lakini si vidonda? Faraji atakata jina. Zuhura litatoka, hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua. Na si jina peke yake, ni maziwa. Hivi wewe unafahamu watu wangapi watalibonyeza hilo neno? Kila anayebonyeza, mimi nasema tena. Niko nimelala nasema. Niko napika nasema. Nimekufa, nasema."

Hapo Nargis akakaa. Ni msichana mwema, hofu yake ilikuwa juu ya Salha kama yangu ilivyo juu ya Zuhura. Faraji akaiwasha ile sauti ili aone pa kukata. Mama, sikujisikia mimi. Nilikusikia wewe. Na kwa mara ya kwanza nikasikia kitu ambacho siku ile mlangoni sikukisikia, kwa kuwa nilikuwa nimeshika begi na nina hasira: sauti ile ilikuwa inaogopa. Ilikuwa inatisha kwa sababu inaogopa kuachwa. Nikafunika masikio.

Basi tukasikilizana hivi. Nilimwambia Nargis, "Salha si mtu wa neno moja, wewe mwenyewe wasema. Mpe njia ya kurudi. Amkimbilie Raya njiani, amhalalishie." Nargis akafikiri, akasema hilo halimo kitabuni lakini mwandishi asingelikataa. Akasema mchezaji akichagua Salha amzuie Raya, Salha atayasema yale mabaya bila jina, kisha lazima amkimbilie. Asiweze kukwepa. Nikafurahi, Mama, nikasema angalau kila litakapotoka neno baya, zuri litalifuata nyuma.

Nikaingia kwenye chumba cha magodoro. Nikafumba macho. Faraji akanipa ishara.

Sikuwa na neno.

Nikajaribu, "Mwanangu, nimekusamehe." Nargis akasema hapana, hiyo ni sauti ya redio. Nikajaribu, "Nenda, radhi zangu unazo." Mwenyewe nikasikia ni uongo. Mara ya kumi na mbili Nargis akaingia, akanikuta nimekaa sakafuni. Akaniuliza, "Yale ya kwanza uliyasema mara moja tu. Haya yana nini?"

Nikamwambia, "Yale niliambiwa. Haya sijaambiwa, sijui yanavyosemwa."

Alinifungulia feni. Baadaye akaniambia gemu linakwenda Ijumaa kwa watu wa kulijaribu, na hawezi kuwaomba wangoje. Nikipata maneno mpaka Alhamisi jioni, yatatiwa. Nisipoyapata, lile baya litakwenda peke yake.

Ndiyo maana Athumani atampa barua hii dereva mmoja aliyepakia mzigo hapa Shimanzi. Kesho ataishusha Kipini, Alhamisi alfajiri anageuza kurudi Mombasa.

Mama, sitakwambia nilikosa kuolewa na Athumani. Sikukosa. Ni mume mwema, na kama ungenisimamisha leo mlangoni ningetoka tena. Lakini ningekugeukia kwanza. Ningekushika miguu, hata kama ungeiondoa. Hilo sikulifanya, na kwa hilo naomba unisamehe. Nilikuwa sijazaa, sikujua mtu anasema nini akiona kilichotoka mwilini mwake kinavuka kizingiti. Sasa najua. Sikulaumu kwa kusema. Mimi nimelisema kwa kazi tu, na angalia.

Ninaloomba ni maneno. Yaandike hata mgongoni mwa karatasi hii, vile vile yanavyosemwa huko kwetu, kama ulivyoambiwa na bibi wakati wewe unaolewa, maana najua yeye alikwambia. Kama kalamu hutaki kuishika, mwambie kaka Bakari apige, uyaseme mara moja, nami nitasikiliza tu, sitajibu wala sitalia. Na kama moyo bado haujatua juu yangu, basi yaseme kwa ajili ya Zuhura, nami nitasimama kando yapite.

Ziwa akilirudia nitashukuru. Asipolirudia, labda wakati wake umefika, kama anavyosema Athumani, na nitakubali. Lakini sitaki aache kwa sababu amefukuzwa. Na sitaki akue, siku moja asimame mlangoni kwangu na begi, nami niwe na lile moja tu la kumwambia.

Nisalimie kaka Bakari anayekulimia mpunga, mwambie asiache kuifunua simu kwenye mto. Nisalimie mama mdogo Mwanajuma aliyenisuka nywele za arusi kwa siri, na mjomba Shee muadhini, asinitoe kwenye dua zake. Bibi mjane wa nyumba ya pili, yule aliyekuwa akinipa ukoko wa wali, mwambie Zuhura naye anaupenda ukoko. Athumani anakupa mkono kwa adabu. Zuhura ameamka sasa hivi, amekaa mkekani ananitazama nikiandika, hajasema njaa.

Mungu akuweke mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi binti yako, uliyeninyonyesha miaka miwili kamili,

Mwanamisi