Kengele ya bibi Severina

Dorkas, jirani yetu mama Innocent anatangaza mtaa mzima kwamba namfunga bibi Severina kama mbuzi! Mbuzi, Dorkas!

Kengele ni kweli nilimfunga. Tangu aanguke kule chooni haniiti, anainuka tu na kuondoka. Nikamvalisha kengele mguuni ili nikiwa jikoni nimsikie.

Leo mhudumu wa afya kaja, kaletwa na maneno hayohayo. Na Fabiano aliyenileta hapa akisikia namtesa mama yake, kesho narudishwa kijijini Mitundu. Nikajikaza: "Sikiliza mwenyewe dada, bibi huyo anatembea nyuma ya nyumba. Yuko salama."

Kengele ikaja inalia, inalia, akatokea mbuzi.

MBUZI, Dorkas! Kavalishwa kengele ya bibi shingoni!

Tukatoka mbio. Bibi tukamkuta kwa mama Innocent huyohuyo, kakaa kwenye kigoda anabangua karanga. "Mmechelewa," anasema. "Ningekuwa nimeanguka, si ningeshaoza?"

Mhudumu kacheka mpaka kalia. Kasema Fabiano hamwambii, ila kengele basi. Nichimbie nguzo za kushikilia mpaka chooni, na bibi aniite kabla ya kuinuka.

Bibi kakubali. "Nitaita. Lakini juzi niliita mpaka koo likakauka, mwenzangu yuko bombani na simu."

Ndiyo, Dorkas, nilikuwa naongea na wewe.

Sasa kengele kaniwekea mapajani. "Vaa wewe, mjukuu wangu. Na mimi nijue uko wapi."

Hacheki. Ananiangalia tu, anangoja.