Mwenye Nyumba Asimame

Sebuleni,
Jumapili, mvua imekatika.

Mpendwa kaka yetu mkubwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa, na wifi ameacha kuilalamikia baridi ya huko mliko. Sisi tu wazima wa mwili. Mama anakohoa kidogo, lakini ukali wake haujapungua hata chembe, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Mara ya mwisho kwenye simu, kabla sijamaliza kukueleza, ulisema mdogo wetu Chiriku ajipange, ukakata. Barua haikatwi, kaka. Leo nitamaliza.

Unajua kwamba tangu mumewe amtoe nje na wanawe wawili, mdogo wetu alikuwa akiishi kwenye ile nyumba ya muda nyuma ya soko, ambamo chama cha akina mama kinawahifadhi watu wasio na pa kulala. Nikiiita nyumba nakuwa mkarimu. Paa lilivuja hadi watoto wakalala na sufuria kitandani. Choo hakikuwa na mlango, kwa hiyo aliyeingia aliimba ili wenzake wajue kuna mtu. Mwenye jengo aliwaachia akina mama bure, kwa sababu hata panya walishaihama.

Basi wafanyabiashara wa mtaani wakaingiwa na huruma. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akatoa mabati, muuza rangi akatoa rangi, seremala akatoa milango na nguvu zake. Yule fundi bomba mwenye kidomodomo naye akatoa kila kitu isipokuwa nafasi ya mwingine kuongea.

Muuza rangi alipaka vizuri, sikatai. Ila juu ya kitanda cha watoto aliandika jina la duka lake kwa herufi kubwa, na chini yake: RANGI YETU HAIBANDUKI. Chiriku akauliza kwa upole kama haiwezekani kuliandika nje.

“Dada, kitu cha bure nacho unakichagulia?”

Chiriku akaendelea kutandika kitanda. Mwanawe mdogo amejifunza kusoma kwa tangazo hilo.

Hata hivyo Chiriku alikuwa na furaha, kaka. Alipiga deki asubuhi, akapiga tena jioni. Seremala alipomuuliza angependa mlango wake ufungukie upande gani, alishindwa kujibu, akaanza kulia. Alikuwa amesahau jinsi mtu anavyojisikia akiulizwa anachotaka.

Siku ya makabidhiano likafungwa turubai, vikaletwa viti vya kukodi na mpiga picha. Huyo mpiga picha alimwomba Chiriku avue gauni jipya avae lile lililochanika, eti jipya halionyeshi shida. Akaenda akabadilisha.

Baada ya hotuba, mwenye duka la vifaa akainua ufunguo uliofungwa utepe. “Sasa namwomba mwenye nyumba asimame, aje apokee ufunguo wake!”

Unamjua mdogo wako. Kwake yeye, mwenye nyumba ni yule anayefagia, anayepika, anayewaambia wageni karibuni. Akasimama. Akatembea hadi mbele na lile gauni lililochanika, mikono miwili ameikinga. Na kule nyuma akasimama mzee mmoja mnene, amevaa suti, akajikohoza. Mwenye nyumba.

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha uliopangwa. Mzee akafika, akapitisha mkono juu ya viganja vya Chiriku, akauchukua ufunguo.

“Samahani mama, wameniita mimi.”

Mpiga picha akapiga. Picha imetundikwa kwenye duka la vifaa mpaka leo, mzee anacheka meno yote nje, na pembeni inaonekana mikono ya mdogo wetu, mitupu.

Wiki haikuisha. Mzee akasema nyumba sasa ina hadhi, haifai tena kwa shughuli zile, akawatoa wote. Akina mama hawakuwa na mkataba naye, walikuwa na ahadi ya mdomo tu. Mwenye duka akasema yeye alitoa mabati, hayo mengine hayamhusu. Seremala peke yake ndiye aliyekuja na bisibisi ang'oe milango yake, na mzee akamwitia polisi. Kibao cha INAPANGISHWA kimeandikwa kwa rangi ya msaada iliyobaki.

Tangu siku hiyo Chiriku haongei. Yule tuliyekuwa tukimfukuza jikoni kwa kelele zake, sasa ukimwuliza swali anatikisa kichwa. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko vyote.

Ndipo nikakupigia. Ukasema nyumba yako ina masofa. Ukasema watoto wana mikono michafu, na kwamba utaihitaji ukirudi. Kaka, tangu uijenge hujalala humo hata usiku mmoja! Mimi ndiye ninayekuja kila Jumamosi kufuta vumbi, kuyafunua masofa yapate hewa na kuyafunika tena. Mende wako wana vyumba vinne, na mdogo wako, tumbo moja, alikuwa hana hata kimoja. Nilikuwa nakuheshimu sana. Sasa nakuheshimu kwa mazoea.

Mama anakusalimu, ila amesema usimpigie kwanza. Mume wangu anakusalimu, mabega yanamuuma kwa kubeba magodoro. Seremala pia anakusalimu ingawa hamjuani. Ameurekebisha ule mlango wako wa mbele uliokuwa unakwama. Alimuuliza Chiriku ufungukie upande gani, na safari hii Chiriku akajibu. Alisema, “Ndani.” Ni neno lake la kwanza tangu atoke kule, nami nikakimbilia jikoni kwako nikalia.

Ndiyo, jikoni kwako. Na barua hii naiandikia kwenye sofa lako. Nailoni iliyolifunika tumeitoa, na yule mdogo ameshamwaga chai.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, na akubadilishie huo moyo kabla hujazeeka nao. Siku utakayorudi, karibu sana. Usihangaike na ufunguo wako, kitasa kimebadilishwa. Piga hodi tu, mwenye nyumba atakufungulia.

Wako akupendaye, ingawa unaifanya kazi hiyo kuwa ngumu,

Mdogo wako, mfuta vumbi.