Kona Iliyofumuliwa

Nordby, Dakota ya Kaskazini
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu LaVonne,

Pokea salamu zangu pamoja na za baridi ya huku, ambayo mwaka huu imekataa kuaga hata Mei imeingia. Natumaini joto la Arizona halijakukausha, na kwamba hilo goti ulilowekewa hospitali linakubeba vizuri kuliko lile ulilozaliwa nalo. Adabu inanitaka sasa niseme kwamba mimi pia sijambo. Hilo tuliweke pembeni, tutalirudia.

Kwanza sanduku. Nakujua. Umelifungua kabla ya bahasha hii, kama ulivyokuwa ukizifungua zawadi za Krismasi mama akiwa bado anazipanga. Basi kunja ulichokikuta, kirudishe, ukae usome. Na usianze kunisema kwamba siku hizi nabana karatasi, herufi zangu zimekuwa ndogo kama sisimizi. Si ubahili. Nalo hilo litakuja.

Kilichomo ni mfarishi wako. Unajua desturi yetu pale kwa Twyla: kila majira ya baridi tunashona mmoja, kwa mkono, na kila mwaka mmoja wetu ana zamu ya kusema apewe nani. Mwaka huu zamu ilikuwa yangu nami nikakutaja wewe, kwa sababu tangu shemeji Duane afariki unalala chini ya blanketi la dukani, na mtoto wa mama yetu halali hivyo mimi nikiwa hai. Vile viraka vya bluu ni mashati ya Duane uliyoniachia. Ulidhani nimeyapeleka kwa maskini.

Hatuuzi, na huo ndio utamu wake. Mimi nilianza na cherehani moja kuukuu kwenye gereji nikishona maturubai ya malori ya ngano, na leo watu sita wanakula kwa karakana ile. Sijui kushika kitu bila kukipigia hesabu. Kwa Twyla peke yake ndipo ninaposhika sindano wala hakuna anayeniuliza kitu kitatoka lini. Kila Alhamisi tunashuka chini ya nyumba yake, tunaizunguka ile fremu pana iliyotandwa kitambaa juu, pamba katikati na kitambaa chini, kila mmoja na kiti chake na kona yake. Yangu ni ya chini, mkono wa kushoto, karibu na tanuri la kupashia nyumba joto. Marlys anakaa kulia kwangu. Dada wawili wa Hoffart wanagawana upande mmoja, na wanagawana sentensi pia: mmoja huanza, mwenzake humaliza. Twyla anatukabili sote na birika lake la kahawa, ambayo ni nyepesi mpaka unaona chini ya kikombe.

Wao huniita Bosi. Nikishona kwa haraka Marlys huniambia, "Bosi, hapa hakuna malipo ya saa za ziada." Ni kisasi chake. Siku moja alileta glavu za kushikia sufuria alizomshonea mchungaji, pindo limekwenda upogo kama barabara ya ng'ombe, nami nikamwambia kwamba zawadi si kisingizio cha kazi mbovu. Tangu hapo imekuwa sheria ya nyumba. Mkate wa Twyla ukiungua kidogo, Marlys huuinua juu na kuisoma sheria hiyo kwa sauti ya mchungaji.

Sasa sikiliza kilichonipata.

Mwezi wa tatu, nikiwa katikati ya kushona ua moja la urembo kwenye kona yangu, uzi mweupe ukaniishia. Uzi mwingine ulikuwa mbali, nami mvivu wa kuinuka, basi nikatoa uzi wangu wa nyumbani kwenye mkoba, ule wenye manjano kidogo, rangi ya siagi. Asiye na jicho kama langu asingeona tofauti. Nikamaliza ua, nikachomeka sindano, nikaenda zangu. Alhamisi iliyofuata nilipokaa kitini, ua lilikuwa jeupe. Lote. Mishono midogo, sawasawa, mizuri. Rangi ya siagi haikuwepo hata chembe.

LaVonne, nimeshaibiwa. Kuna mtu aliwahi kuninyakulia robota zima la turubai mchana kweupe. Halikuniuma hivi. Niliinamisha kichwa nikashona, nikanywa kahawa, nikacheka penye kucheka. Moyoni nilishamhukumu Marlys. Aliponiuliza kama nataka maziwa nilimjibu kwa namna ambayo akina Hoffart walitazamana, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyepata wa kumalizia sentensi.

Juma lililofuata nilikuja na uzi wa siagi makusudi. Nikashona majani mawili. Yakageuka meupe nayo. Nikashona mengine mawili kwa uzi uleule.

Ndipo nikaketi mezani kwangu nikalifanya kama ninavyofanya mali ikipungua ghalani. Kazi ya mchana mzima haifumuliwi na kushonwa upya kwa dakika za kuazima. Inataka asubuhi nzima, na mtu aliyetulia. Fremu haitoki kwa Twyla. Marlys asubuhi zote yuko jikoni shuleni. Akina Hoffart hawaendi popote mmoja mmoja, na wangekuwa wawili mji wote ungekwishajua. Hesabu ikanipa jina moja. Nikalikataa, nikaanza upya, kama afanyavyo mtu yeyote akipata jibu asilolipenda. Likaja lilelile.

Ijumaa asubuhi nikaenda kwa kisingizio cha kurudisha bati lake la keki. Mlango wa Twyla haujui funguo. Nikashuka ngazi. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu, miwani puani, mkononi kile kichuma chenye ncha cha kufumulia, na nyuzi zangu za manjano zimemjaa mapajani kama nywele za mahindi.

Hakushtuka. Alisema, "Ungeniambia unakuja ningeweka kahawa."

Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu mwezi wa pili. Basi dada, nilisema, na mengine sitayaandika siku ya Jumapili. Nilimwambia tumekuwa marafiki tangu watoto wetu hawajaota meno. Kwamba kama kazi yangu mbaya angenieleza usoni. Kwamba glavu za Marlys ziliachwa na upogo wake, mchungaji anazitumia hadi leo, ila mimi ndiye wa kufumuliwa nikishatoka, kama mtu asiyefaa kuambiwa. Aliniacha nikamaliza. Twyla ana subira ya kuudhi.

"Za Marlys niliziacha kwa sababu Marlys hajali," akasema. "Wewe unajali. Sheria ni yako, shoga, si yangu. Ningeuachaje mfarishi wa dada yako uende vile, halafu siku moja uende Arizona uuone mwenyewe?"

Nikamwambia mishono yangu haina kasoro.

"Sijalifumua jani la pili," akasema, akasogeza taa. "Hebu njoo utazame."

Nikatazama. Mshono wa kwanza umesimama. Wa tatu umelala. Kisha inasongamana, midogo, midogo, halafu unaruka mmoja mrefu kama sungura aliyeshtuliwa. Nilikuwa nimeiona rangi ya uzi toka mlangoni, na mishono yenyewe sikuwa nimeiona. Rula yangu imo kwenye mkoba wa kushonea siku zote, unajua nilivyo. Na tangu Krismasi sikuwa nimeitoa. Mtu huacha kupima pale anapokuwa tayari anajua.

Nikasema ni bega. Nililitegua nikizoa theluji.

"Bega halifanyi hivi," Twyla akasema. "Orville wangu alianza hivihivi. Kwake ilianzia kwenye sahihi ya jina lake. Ikawa inasinyaa, inasinyaa, mpaka benki wakapiga simu kuuliza kama hundi ni zake kweli."

"Kama ulijua, kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe uliyejua kabla yangu," akasema, "kwa nini hukuniambia?"

Nikakaa kwenye kiti cha Marlys, maana changu kilikuwa na mtu.

Sasa nikurudishe pale pa kusema kama sijambo. Dada, daktari wa Fargo aliniambia mwezi wa kwanza. Ni Pakinsoni, ugonjwa uleule wa Orville. Bega nililokusimulia kwenye simu halikuwepo. Zile mara nilizokatisha maongezi nikisema kuna mteja mlangoni, hapakuwa na mteja. Simu ilikuwa inanigonga sikioni kwa mkono kutetemeka, nikaogopa utaisikia. Daktari alisema hautaniua upesi. Utatembea na mimi, na njiani utakuwa ukichukua vitu vidogo vidogo kwanza. Alitaja vifungo vya nguo, mwandiko na kijiko cha supu. Sindano hakuitaja, nami sikuuliza.

Watu wa karakana niliwaficha kwa sababu mteja akisikia mwenye kazi mgonjwa huanza kuulizia kwingine. Wewe nilikuficha kwa sababu ulikuwa umetoka kumzika Duane, na kwa sababu tangu mama aondoke mimi ndiye mnayempigia kitu kikiharibika. Sikujua nimpigie nani. Na Twyla nilimficha kwa sababu nilimwona akimnywesha Orville. Nilijua angeanza kunijazia kikombe nusu. Hakunijazia nusu hata siku moja. Alikijaza mpaka ukingoni kama vya wengine, na Ijumaa akashuka peke yake kufumua. Mwanamke wa miaka sabini na miwili, mgongo ule, asubuhi baada ya asubuhi, anifiche mimi nisijione.

Usidhani nimemsamehe palepale. Hasira ninayo bado, ila haijui tena ikae kwa nani.

Alhamisi nikawaambia wote. Hoffart mkubwa akaanza kulia na mdogo akamalizia. Marlys akasema, "Kwa hiyo Bosi, na wewe umeingia chama cha upogo. Karibu. Ada ni keki." Nikacheka mpaka nikalazimika kutoka. Kwenye ngazi haikuwa kicheko tena.

Niliporudi, Twyla alikuwa amekwishanipangia. Kuanzia sasa nichore mistari ya chaki, wao washone. Alisema kwa upole. Nikamwambia sitakaa pale na chaki kama mgonjwa anayetafutiwa shughuli, na mfarishi ni wa dada yangu, si wake. Tukabishana, akina Hoffart wakitazama sakafu. Kwenye kona yangu, majani yote yakiwa meupe tena, lilikuwa limebaki ua moja tu, mfarishi mzima umekwisha. Mwishowe Twyla akaegemea nyuma. "Basi shona," akasema. "Ila nikiiona hiyo rula, nakutoa nje na theluji yako."

Nikatoa uzi wa siagi. Nikashona. Mkono ukipumzika unacheza wenyewe, ukiwa na kazi unatulia kidogo, kisha unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Zamani ua kama lile ningelimaliza kahawa haijapoa. Safari hii birika liliwekwa, likaisha, likawekwa tena. Marlys akaniuliza kama namaliza leo au waniletee godoro. Nikamwambia alete, na mto.

Nikakata uzi. Twyla akafungua kopo lake, akatoa kile kichuma cha kufumulia, akazunguka fremu nzima kunipa mkononi. "Mwenye sheria ni wewe," akasema. "Amua."

Nililitazama lile ua kama ninavyotazama mali kabla haijatoka mlangoni kwangu. Kwenye karakana ningelirudisha. Fundi aliyeniletea kazi vile ningemwonyesha tena kwa mkono wangu. Nikakishika kile kichuma, kikawa kinatetemeka nacho, hata kufumua nisingeweza vizuri. Nikamwuliza Twyla, hili ukilifumua, humu ndani mimi nitakuwa wapi? Twyla akaanza kulegeza skrubu za fremu, na wengine wakainuka kumsaidia kuukunja mfarishi.

Sasa fungua sanduku. Kona ya chini, mkono wa kushoto, utaliona: mengine yote meupe, lile la manjano, na linayumba. Huko kwenu kuna wanawake wenye mikono mizuri, na mmoja wao atajitolea akunyooshee. Mwambie hapana. Na usiutie kwenye kasha la mwerezi pamoja na vya mama, LaVonne, nakuomba. Ulalie. Ufue. Umwagikiwe kahawa. Nimekushonea ukiwa hai nikiwa hai.

Kiti changu kipo palepale. Mwakani zamu ya kuchagua ni ya Marlys na ameapa mfarishi utakwenda kwa mchungaji, uende na zile glavu. Njoo mwezi wa kumi kabla ya theluji. Usije kuniuguza. Njoo ukae karibu na tanuri unitungie uzi kwenye tundu la sindano, maana hilo ndilo limekuwa gumu kweli, na kwa mwingine naona haya.

Twyla anakusalimu na anauliza kama bado unaijua ile njia yako ya kukanda mikate ya viazi. Akina Hoffart wanakusalimu, nusu kwa nusu. Marlys anasema umlipe mishono yake. Nisalimie watoto na wajukuu. Haya niliyokuandikia nitawaambia mwenyewe, usinitangulie.

Ndimi mdogo wako,

Ardis

Sahihi ni ndogo, naiona. Lakini hakuna aliyenishikia mkono.